Barua kwa mwanangu: miaka 3 iliyogeuka 9

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza ilikuwaje Robert Sobukwe, mpinzani wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ahukumiwe miaka 3 jela, kisha akae 9. Umedhani labda alihukumiwa mara ya pili. La, hakuhukumiwa tena.

Serikali ya kibaguzi ilianza na chaki yake. Mwaka 1952 alikuwa mwalimu wa sekondari Standerton. Akasimama hadharani kuunga mkono kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi, na kazi ikaota mbawa. Baadaye alirudishwa, lakini walimu wenzake walikwisha kuona bei ya kusema. Mwajiri hahitaji kuthibitisha kosa mbele ya mtu yeyote. Barua moja inatosha, na mshahara unakatika mwezi huohuo.

Tarehe 21 Machi 1960, akiwa kiongozi wa PAC, chama cha Waafrika kilichopinga ubaguzi, na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliyekwisha kujiuzulu, aliacha nyumbani pasi, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, na kutembea hadi kituo cha polisi Orlando ili akamatwe. Msimamo wa PAC ulikuwa huu: hakuna dhamana, hakuna utetezi, hakuna faini. Siku hiyohiyo polisi waliua watu 69 katika maandamano ya kupinga pasi mjini Sharpeville. Yeye akapewa miaka 3 kwa uchochezi.

Kifungo kilipokaribia kwisha, Mei 1963, Bunge lilipitisha kifungu kilichomruhusu waziri wa sheria kuendelea kumzuia mtu aliyekwisha kumaliza adhabu yake. Kifungu kilidumu mwaka mmoja tu, kwa hiyo kila mwaka kilihuishwa upya. Hapo ndipo penye ukatili, mwanangu. Mfungwa wa kawaida huhesabu siku zake zikipungua; Sobukwe hakuwa na cha kuhesabu. Wala wakili hakuwa na pa kushika, kwa kuwa hapakuwa na shtaka la kujibu. Watu wakakiita kifungu hicho kwa jina lake, maana hakikutumika kwa mwingine yeyote.

Kwa kuwa kisheria hakuwa tena mfungwa, pale Robben Island, kisiwa cha gereza, walimpa nyumba yake peke yake, nguo za kiraia na vitabu, hata akasomea uchumi kwa njia ya posta. Usidhani ilikuwa nafuu. Walimkataza kuzungumza na wafungwa wengine. Walipopita karibu, aliinama akachota udongo na kuuachia uchuruzike vidoleni, na wao wakaelewa kuwa anasema ardhi ni yetu. Mbunge Helen Suzman alipomtembelea, Sobukwe alimwambia kuwa ameanza kusahau kuongea. Na Sobukwe alikuwa mwalimu wa lugha.

Mwaka 1969 wakamtoa kisiwani na kumpeleka Kimberley, mji asioujua, chini ya amri nyingine: asitoke wilayani, usiku abaki ndani, maneno yake yasichapishwe. Alipopata nafasi ya kazi Marekani, wizara moja ilimpa kibali cha kuondoka nchini, ila amri ya wizara nyingine ikamzuia kuvuka mpaka wa wilaya kwenda kupanda ndege. Akakata rufaa mahakamani, akashindwa.

Hakukaa bure. Alisomea sheria, akawa wakili mjini humo mwaka 1975. Saratani ya mapafu ikamuua tarehe 27 Februari 1978, akiwa na umri wa miaka 53, na ile amri ya kumfungia Kimberley ilikuwa bado haijafutwa.

Baba yako