Msukosuko unatoka wapi?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: ikiwa bamba lililo ndani ya upepo ni laini na upepo umetulia, msukosuko, yaani hewa kuvurugika ovyo, unatoka wapi? Na mnato, yaani ule ugumu wa tabaka za hewa kuteleza moja juu ya nyingine, ambao kazi yake ni kutuliza, mbona hauuzuii?

Wa kulaumiwa ni huohuo mnato. Juu ya bamba kuna tabaka jembamba ambamo kasi ya hewa hupanda kutoka sifuri hadi kufikia ile ya upepo. Ludwig Prandtl ndiye aliyelieleza, mwaka 1904. Mtikisiko ukiingia humo, hewa hupanda na kushuka huku ikienda kasi kidogo, kisha ikipungua. Mnato usingekuwapo, miendo hiyo miwili ingepishana kwa robo mzunguko barabara, na wimbi lisingechota nishati yoyote. Jirani na ukuta, yaani uso wa bamba, mnato huuharibu mpishano huo, na wimbi huanza kuchota nishati ya upepo. Ni kama kusukuma pembea: mkono ukiigusa kwa wakati wake, itapaa tu. Mnato bado unakula nishati ya wimbi, lakini kwa masafa fulani ya mtetemo kinacholiwa ni kidogo kuliko kinachoingia.

Walter Tollmien alikokotoa hayo huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1929, Hermann Schlichting akayaendeleza. Wengi hawakusadiki, na siwalaumu: mahandaki ya upepo (mabomba makubwa ya kupulizia hewa kwa majaribio) ya siku hizo yalikuwa na hewa yenye vurugu, mawimbi yenyewe hayakuonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, huko Washington, watafiti Schubauer na Skramstad waliituliza hewa yao kwelikweli, wakatetemesha utepe mwembamba wa metali karibu na bamba. Mawimbi yakajitokeza, yakikua kama hesabu ilivyosema.

Hukua polepole, mpaka kupanda na kushuka kwa kasi ndani yake kufikie kama asilimia 1 ya kasi ya upepo. Hapo subira huisha. Wimbi lililonyooka hupinda, vizingia, yaani mizunguko ya hewa, hunyanyuka kutoka ukutani, kisha huzuka mabaka ya msukosuko hapa na pale, ambayo mtafiti Emmons aliyaeleza mwaka 1951. Mabaka husafiri huku yakitanuka, hukutana, na utulivu umekwisha.

Ila usitegemee kuyaona yote hayo maabara kwenu. Hewa inayoingia ikiwa na vurugu ya asilimia 1 ya kasi ya upepo au zaidi, mawimbi ya Tollmien hurukwa kabisa. Badala yake utaona michirizi mirefu ya kasi na ya polepole ikifuata upepo, nayo ndiyo hukatika ikazaa mabaka. Kwa hiyo pima kwanza vurugu ya hewa handaki likiwa tupu, uniandikie umepata ngapi.

Baba yako