Mwanangu alijifunza kutulia kwenye ungo wa mchele

Nilianza vibaya. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu kutuliza akili kwa kuzingatia pumzi, nikatandika mkeka sebuleni, nikamkalisha mwanangu wa miaka 4 na kumwambia afumbe macho. Akafumba moja. La pili likawa linanichungulia. Sijafika kumi, yuko juu ya kochi.

Baadaye nikagundua kwamba nilichokuwa naiga kilitungwa kwa ajili ya watu wazima. Mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya kutuliza akili huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, aliwalenga wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, na mazoezi ya nyumbani yalifika dakika 45 kwa siku. Mimi mwenyewe siziwezi, sembuse mtoto wa chekechea.

Nikakunja mkeka, nikahamia kwenye uji. Uji wa asubuhi ni wa moto, atapuliza tu. Nikamwambia: puliza polepole mpaka juu pajikunje, lakini usimwage. Hapo hana budi kutoa pumzi ndefu, nyembamba, na moyo hupunguza mwendo pale tunapotoa pumzi, si tunapoivuta. Pumzi sita hivi, uji umepoa na yeye kapoa.

Siku moja akagoma kuvaa viatu, tumeshachelewa, nikamfokea: "Puliza uji!" Akanijibu huku analia, "Uji wenyewe uko wapi?" Sikuwa na jibu. Mtoto aliyekwisha kupandisha hasira hafundishiki. Zoezi ni la saa za utulivu, tena la kurudiwa wiki nyingi, ndipo likumbukwe siku ya kilio. Halafu mwenye kupumua juu juu siku ile nilikuwa mimi. Siku hizi nachuchumaa mbele yake, natoa pumzi zangu mbili tatu bila kusema neno. Mara nyingine hunifuata. Mara nyingine viatu navibeba mkononi.

Lakini kilichotufaa kuliko vyote ni kuchagua mchele. Jumamosi namwaga kilo moja kwenye ungo, simu naiacha chumbani, tunakaa barazani. Yeye anatafuta chuya, mimi mawe. Simhesabishi, simfundishi kitu, na hili lilinichukua muda, maana ulimi wa mzazi unawasha. Akinyamaza namwachia ukimya wake. Akipata chuya anaiviringisha vidoleni, anaisikia inavyokwaruza, anaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Siku nyingine tunafika robo saa, siku nyingine anaondoka baada ya dakika tatu kumfukuza kuku, na ninamwacha aende.

Kwenye daladala tunasikiliza: honi, konda anavyogonga bodi, sarafu mkononi mwake. Macho afumbe akipenda. Wapo watoto wanaoogopa kufumba, usiwalazimishe. Na mtoto mwenye njaa au usingizi mpe chakula au mlaze, usimtafutie zoezi.

Mwezi uliopita nilinunua mchele wa pakiti, ule uliosafishwa kiwandani, nikidhani nimejipunguzia kazi. Tukakaa na ungo wetu, akapekua, akapekua, chuya hakuna hata moja. Akanitazama kama niliyemdhulumu. Nimerudi kwa muuzaji wangu wa sokoni, kwenye mchele wa Kyela, na nikifika namwambia asinipepetee.