Usiskani watu wakiwa hewani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mitandao hapa Tanga, kuna kitufe kimoja naomba mkiheshimu: cha kuskani chaneli, yaani kupitia njia za waifai moja baada ya nyingine kuona nani yupo. Wengi hukibonyeza kama mtu anayechungulia dirishani, wakiamini kuchungulia hakumdhuru yeyote. Kunadhuru.

Redio ya waifai ina sikio moja. Ikiwa chaneli ya 6 haisikii ya 11. Ili iisikie ya 11 lazima iihame ya 6, na muda wote huo walioko 6 wanaongea na ukuta.

Nililijua hili kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Simu zao za mezani zinapita kwenye waifai, na kutwa wanaongea na wenye mizigo. Walilalamika sauti inakatika. Nikabadili waya, nikahamisha ruta, nikawashuku majirani. Siku ya tatu dada wa mapokezi akaniita, "Kaka, hebu shika usikie mwenyewe." Upande wa pili mtu alikuwa akisoma namba ya kontena. Tarakimu tatu zikamezwa katikati, naye akaendelea kusoma, hana habari.

Nikafungua laptopu, nikaanza kuipingi ruta, yaani kuitumia ujumbe mfupi na kupima jibu linachukua muda gani, mara tano kwa sekunde. Milisekunde 2, 3, 2, 2, kisha majibu sita mfululizo hayakuja, kisha 2 tena. Nikaandika saa. Baada ya dakika 5 kamili yakatokea yaleyale. Na dakika 5 nyingine, tena. Hapo nikaacha kuwashuku majirani. Oveni ya maikrowevu ya jirani haina ratiba. Kinachorudi kwa dakika kamili ni mpangilio uliomo ndani ya kifaa. Ruta ile ilikuwa imeachwa ijichagulie chaneli, na kila dakika 5 ilizunguka chaneli zote kutafuta iliyo nafuu.

Pigeni hesabu pamoja nami. Ruta nyingi hutangaza uwepo wao kwa bikoni, ishara fupi ya "nipo hapa", kila milisekunde 102.4. Anayeskani kwa kusikiliza tu hukaa kila chaneli kwa muda kama huo ili asiwakose waliopo. Kwa chaneli 13 za gigahezi 2.4, hiyo ni sekunde 1.3. Simu nayo kwa kawaida hutuma pakiti moja ya sauti, kipande kidogo cha data, kila milisekunde 20, kwa hiyo pakiti zaidi ya 60 zinaingia shimoni. Bafa ya simu, akiba ndogo ya sauti ya kuziba mapengo, haiwezi kuliziba shimo hilo.

Skani ya kuita ni nyepesi: redio inauliza "nani yupo?", inasubiri majibu kama milisekunde 20 au 40, inaondoka. Pengo la pakiti moja au mbili bafa inalimudu. Ila, na hapa nawasihi mnisikilize, hilo ni kweli ikiwa tu redio inarudi nyumbani baada ya kila chaneli, ihudumie watu wake, ndipo iende nyingine. Jumla ya muda wa skani si tatizo kubwa. Tatizo ni urefu wa kila kutoka. Waja leo, waondoka leo, ndivyo redio inavyotakiwa kuitembelea chaneli ya wenzake. Isilale huko.

Kwenye gigahezi 5, chaneli 52 hadi 144 zinagawana masafa na rada, kwa hiyo kifaa cha mteja, yaani simu au laptopu, husikiliza kwanza, hakianzi kuita. Kama ofisi haizitumii, ziondoeni kwenye orodha ya kuskani.

Tofautisheni pia nani anaskani. Simu au laptopu ikitaka kutoka, huiaga ruta kwa kujifanya inalala. Ruta inaiwekea pakiti zake hadi irudi. Zinachelewa, hazipotei. Ruta ikitoka yenyewe, wateja wanaendelea kutuma, hawajibiwi, wanarudia, wanashusha kasi, mwishowe pakiti zinatupwa. Ndiyo maana skani ya ruta naiogopa zaidi kuliko ya simu kumi.

Kwenye Linux msiskani kila kitu. Andikeni "iw dev wlan0 scan freq 2412 2437 2462", nanyi mmepata chaneli 1, 6 na 11 basi (wlan0 ni jina la kadi ya waifai). Kompyuta isiyohama meza, ifungieni anwani ya waifai ya ruta yake (BSSID) kwenye NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux. Itaacha kuskani chinichini. Mkitaka kujua chaneli yenu imebanwa kiasi gani, hamna haja ya kutoka: kwa kadi nyingi "iw dev wlan0 survey dump" inaonyesha muda ambao chaneli mliyopo ilikuwa na shughuli.

Skani nzima ifanyeni usiku, lakini msiamini usiku peke yake. Usiku unawaambia ni ruta zipi zipo, msongamano wa saa nne asubuhi hauwaambii. Huo upimeni mchana, mkiwa mmetulia kwenye chaneli yenu.

Pale forodha nilizima kujichagulia, nikaifunga ruta chaneli ya 11, nikaacha pingi ikimbie tangu asubuhi hadi adhuhuri. Dada akapiga simu nami nimesimama pembeni. Akasomewa namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7, akaiandika yote kwa mkupuo mmoja bila kuuliza "umesemaje?"