Barua kwa mwanangu: Farasi mfupi aliyekosa mnunuzi

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara mbili. Unauliza kwa nini huko Dubai ukoo wa kila farasi zizini kwenu unaishia kwa dume mmoja wa mbio, Northern Dancer, aliyekufa mwaka 1990. Hakuna swali ambalo mzee aliyekuwa saisi Ngong angelifurahia zaidi.

Tuanze na mama yake, Natalma. Aliumia goti mwaka 1960, mbio kubwa ikiwa karibu. Msimu wa kupandisha ulikuwa ukingoni, lakini mwenyewe, E. P. Taylor wa Kanada, akaamua apandwe na dume Nearctic. Kwa hiyo mtoto alichelewa, akazaliwa Mei 27, 1961, huko Oshawa. Nawe unajua kwamba tharobredi, yaani farasi wa mbio wa ukoo safi, wa nusu ya kaskazini ya dunia wote huhesabiwa kutimiza mwaka Januari 1, awe wa Februari au wa Mei, kwa hiyo wa Mei hushindanishwa na waliomzidi umri. Alipowekewa bei ya dola 25,000, wanunuzi walitazama kimo chake wakapita.

Mwaka 1964 hata jokii Bill Shoemaker, aliyekwisha kumpanda, alimwacha akamchagua Hill Rise, farasi mrefu. Bill Hartack ndiye aliyempanda mfupi wetu katika Kentucky Derby, ya kwanza kati ya mbio tatu kuu za Marekani. Alimshinda Hill Rise kwa urefu wa shingo tu, kwa dakika 2 kamili, na muda huo haukuvunjwa mpaka alipokuja Secretariat mwaka 1973. Akachukua ya pili, Preakness. Ya tatu, Belmont, ikamshinda, akawa wa tatu. Akarudi kwao, akatwaa Queen's Plate, mbio kubwa ya Kanada, kisha kano ya mguu ikamstaafisha. Mbio 18, ushindi 14, na hakuna hata moja aliyotoka nje ya tatu bora.

Ila kilichomfikisha zizini kwenu ni watoto. Nijinsky alitwaa mbio zote tatu za taji la Uingereza mwaka 1970, na tangu hapo hakuna aliyerudia. Baadaye wakaja Danzig na Sadler's Wells. Miaka ya 1980 ada ya kumpandisha jike mmoja ilifika dola milioni 1, bila dhamana kwamba atashika mimba! Nawe ukumbuke, tharobredi hawaruhusiwi kupandikizwa mbegu kwa mrija. Lazima jike apelekwe kwa dume. Mwaka 1983 Sheikh Mohammed wa huko huko Dubai alimnunua mtoto wa Northern Dancer, Snaafi Dancer, kwa dola milioni 10.2. Farasi huyo hakukimbia hata mbio moja. Iliniuma niliposikia, maana kulikuwa na saisi aliyemsugua yule kila alfajiri akimtumainia.

Halafu mtazame farasi Frankel, mbio 14, ushindi 14. Baba yake, Galileo, ni mtoto wa Sadler's Wells. Mama yake, Kind, ni mtoto wa Danehill, na Danehill ni wa Danzig. Yule mfupi yuko pande zote mbili.

Sasa yule jike wa kahawia unayemhudumia, omba karatasi ya ukoo wake, usome hadi kizazi cha sita, unitumie picha.

Baba yako