Mbuzi mbili si kosa la sarufi: kwa wahariri na wafasiri wapya

Prufu, yaani nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, zinaendelea kurudi na makosa yaleyale. Wadogo zetu, mnasoma haraka na ngeli mmezikariri, lakini neno lenye maana mbili linawanasa kila mara. Shikeni haya kabla ya kugusa matini nyingine.

1. Upatanisho wa kisarufi ni ushahidi, msiufute. Chukua orodha ya vyombo vya jikoni: pawa tatu, vinu viwili, mbuzi mbili. Mhariri mpya akiona mbuzi anakumbuka ngeli ya A-WA, anaandika "mbuzi wawili", kisha anaendelea na ukurasa. Kumbe mbuzi ile ni ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Ngeli yake ni I-ZI, kwa hiyo mwandishi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Sasa orodha ya jikoni ina mifugo ndani.

Kosa hili linauma kwa sababu tunalifanya kwa nia njema, na likishafanyika halionekani. "Mbuzi wawili" ni Kiswahili safi. Anayesoma prufu ya pili hana cha kushuku, kwani dalili pekee ilikuwa lile "mbili" na tumelifuta sisi wenyewe. Chanzo chake kinaeleweka: katika mazungumzo, hasa Kenya, wengi husema "mbuzi mbili" wakimaanisha wanyama, na mkono umezoea kusahihisha. Basi soma mstari wa juu na wa chini kwanza. Ukikuta nazi, tui au kifumbu, acha kama ilivyo. Ukikuta zizi au josho, sahihisha. Usipokuta lolote, muulize mwandishi, usikisie. Tai na kanga ni vivyo hivyo: tai wawili wanaruka, tai mbili zinavaliwa shingoni. Kwa kanga, neno "doti" likiwepo shaka imekwisha: ni nguo, si ndege.

2. Tafuta wingi. Ua la waridi ni maua, ua wa nyuma ya nyumba ni nyua. Paa la bati ni mapaa, ilhali paa wa porini habadiliki. Kuna pale ngeli inaposhindwa: papa wa baharini na Papa wa Roma wote ni A-WA. Kinachowatenga ni herufi kubwa, nayo mwanzoni mwa sentensi haisaidii kitu.

3. Kwenye vitenzi, tazama yambwa (kinachotendewa) na mnyambuliko (namna kitenzi kinavyorefushwa). Anayepanda mbegu ni mpanzi, anayepanda mlima ni mpandaji. Miche hupandikizwa, bendera hupandishwa. Lakini "Juma alipanda mnazi" haina dawa ndani yake, hata ukiandika "aliupanda". Andika "alipanda mche wa mnazi", au "aliukwea mnazi" kama ni kazi ya mkwezi. "Alivua" peke yake ni samaki au nguo. "Alimvua" kwa mtu ni nguo au madaraka.

4. Usibonyeze "badilisha zote". Herufi za "ua" zimo ndani ya chagua, nunua na mua; za "kata" zimo ndani ya katani na kataza. Na hata ukitafuta neno zima, kata ya diwani, kata ya kunywea maji na kata ya kichwani chini ya mtungi zitabadilishwa pamoja. Pitia moja moja.

5. Kwenye kamusi, usiishie kwenye namba 1. Kila maana kwenye faharasa yako iwe na mstari wake, ngeli, wingi na sentensi moja.

6. Maelezo ya dawa: "meza mbili" haitoshi, hasa kama matini itapita kwenye mashine ya tafsiri. Andika "meza vidonge viwili".

7. Matini ya kusomwa redioni. "Fundi ametengeneza barabara" inasomeka kwa namna mbili. Mkazo ukiwa ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukiwa ba-RA-ba-ra, kazi imefanyika vizuri. Maandishi hayaonyeshi mkazo na msomaji yuko hewani, kwa hiyo andika "sawasawa", au taja barabara yenyewe inaenda wapi.