Muulize Mwalimu: Nimepangiwa Newala, moyo haujatulia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nafundisha Jiografia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Newala. Nimezaliwa na kukulia Mwanza. Kazi naifanya, vipindi siviruki, lakini leo naiona sawasawa na jana. Jioni nikifungua simu nawaona wenzangu niliosoma nao chuo, wako Dodoma na Dar es Salaam, mambo yao yanakwenda. Mwalimu mmoja mkubwa hapa huniambia, "Ridhika, kijana." Je, mtu anaweza kujifunza kuridhika? Au ni kukata tamaa kwa adabu?
Mwalimu kijana, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza hilo la mwisho, kwa sababu wengi hawathubutu.

Kama una malimbikizo ya mshahara, kama hukupewa fedha ya kujikimu ulipofika kituoni, kama paa la nyumba unayokaa linavuja, asitokee mtu wa kukuambia uridhike. Andika barua, tunza nakala, mfuate mwakilishi wa chama cha walimu hapo shuleni. Nimewaona walimu wazuri wakinyamazishwa kwa neno hilo, na imeniuma. Unaweza kudai haki yako bila kuchoka na bado ukaipenda siku yako.

Ila barua yako haikulalamikia hayo. Umetaja Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Newala umeitaja kama anwani tu. Hakuna mtu wake hata mmoja, hakuna njia, hakuna mti. Hapo ndipo naona pana kazi.

Nilifundisha Newala kabla ya kuhamia huku Mikindani, pwani ya Mtwara, na baridi yake ya mwezi wa sita naijua. Jumamosi moja nenda Shimo la Mungu, pale ukingo wa uwanda wa Makonde unapokatika ghafla. Chini ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ukiwa umesimama pale jiulize jambo ambalo wanafunzi wako wanaishi nalo: mvua ya masika inanyesha vizuri, mbona huku juu hakuna mto? Udongo wa uwanda huu ni kichanga. Unayanywa maji, yanazama chini sana, kisha yanatokeza kama chemchemi kwenye miteremko na mabondeni. Ndiyo maana miaka na miaka akina mama wameshuka na ndoo tupu na kupanda nazo zimejaa, na ndiyo maana nyumba nyingi za huko zina kisima cha kuvunia maji yanayotiririka kutoka kwenye bati.

Nilipofundisha maji ya ardhini nilianzia kwenye visima hivyo. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye sikuwahi kumwona akinyoosha mkono, alisimama akaeleza namna bibi yake anavyojua kisima kimepata ufa: kabla ya kulala hutumbukiza mti wenye alama, na asubuhi, kabla mtu hajachota, huutumbukiza tena. Maji yakiwa yameshuka, ufa upo. Darasa lilitulia likamsikiliza yeye, si mimi. Kengele ikalia, wakatoka nje wanabishana kuhusu saruji. Furaha niliyorudi nayo nyumbani siku ile haikuhitaji kujua nani kahamia wapi.

Mwezi wa saba na wa nane, mikorosho ikiwa kwenye maua, mwombe mzazi mmoja akupeleke shambani. Atakuonyesha ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unavyoshambulia maua machanga, na kwa nini anapuliza salfa alfajiri wakati majani bado yana umande. Msimu ukifungua, Oktoba hivi, nenda kwenye mnada wa korosho usikilize bei zikisomwa, wakulima wakikubali au wakikataa. Pale kuna Jiografia, kuna Kiswahili pia, na sare na madaftari ya wanao wa darasani yanaamuliwa mbele yako.

Sasa swali lako. Aliyekata tamaa haulizi tena. Hicho ndicho kipimo ninachojipimia mwenyewe: nikiona wiki imepita na sijauliza kitu kipya kuhusu watoto hawa au mahali hapa, najua nimeanza kuchoka vibaya. Anayeridhika ana maswali mengi, tena ya karibu. Kwa hiyo ndiyo, mtu hujifunza, na wewe una nyenzo zote. Muda wa kuomba uhamisho ukifika na ukiutaka, omba, wala usione haya. Nisingependa tu uondoke Newala bila kuwa umefika.

Kuhusu simu sina mengi. Yangu ikifika saa mbili usiku inabaki sebuleni, nami nasahihisha madaftari chumbani.

SWALI: Mwalimu, baada ya miaka yote hiyo ya chaki, hamasa unaitoa wapi?
Mama wa watoto watatu, Lindi mjini

JIBU: Baharini, dada yangu, na kwa watoto wa wavuvi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, ndipo tunapata bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Kati ya maji kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Kwetu maji hayo hukupwa sana asubuhi, saa za vipindi, na wapo watoto ambao mama zao huwahitaji mwambani kutafuta pweza. Mimi siwafukuzi wakichelewa. Huwauliza jana maji yalitoka saa ngapi na leo saa ngapi, tunaandika ubaoni, na wanagundua wenyewe kwamba kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50, kama mwezi unavyochelewa kuchomoza. Kila mwaka darasa jipya linagundua jambo hilohilo, na kila mwaka nasisimka pamoja nao.

Wewe una ghuba mlangoni. Siku ya bamvua wavushe wanao hadi Kitunda, ng'ambo ya ghuba, wawe na daftari na saa, halafu niandikie walichokiona.