Hazina ya Docker inapoikataa Linux Mint

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu inaendeshwa na mfumo wa Linux Mint 22. Nilifuata maelekezo ya kuongeza hazina (ghala la mtandaoni la vifurushi vya programu) ya Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha yaliyotengwa, yaliyoandikwa kwa ajili ya mfumo wa Ubuntu, lakini kila nikitoa amri ya sudo apt update, inayosoma upya orodha za hazina, naambiwa kuwa hazina hiyo haina faili la Release, yaani lile linaloeleza yaliyomo. Si nasikia Mint ni Ubuntu ileile? Mbona inagoma?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ulivyosikia si mbali na ukweli, kwani Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na vifurushi vyake vingi huvichota huko huko. Tatizo liko kwenye jina la toleo: lako huitwa wilma, ilhali Ubuntu 24.04 huitwa noble, na hazina hiyo ya Docker hupanga vifurushi vyake kwa majina ya Ubuntu pekee. Maelekezo ya zamani hulipata jina hilo kwa amri ya lsb_release -cs, ambayo kwenye Mint hujibu wilma, na hapo apt, programu inayopakua na kuweka vifurushi, hutumwa kwenye folda isiyokuwapo.

Fungua faili la Docker lililomo katika /etc/apt/sources.list.d, badilisha wilma iwe noble, hifadhi, kisha rudia amri yako. Ukiwa na shaka, soma /etc/os-release: mstari wa UBUNTU_CODENAME ndio wenye jina unalolihitaji. Dawa hii haiwafai wanaotumia LMDE 6, aina ya Mint isiyojengwa juu ya Ubuntu, kwa kuwa mfumo huo umetokana na Debian 12, iitwayo bookworm, na Docker ina hazina ya Debian iliyo tofauti na ile ya Ubuntu.

Uangalie pia ufunguo wa hazina, ambao apt huutumia kuthibitisha kuwa vifurushi vimetoka kwa mwenye hazina. Njia ya zamani ya apt-key iliufanya ufunguo mmoja uaminiwe kwa hazina zote, jambo ambalo mimi sioni sababu ya kulivumilia, hasa kwa vile kifurushi kinapowekwa huendesha hati zake kwa mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta. Weka ufunguo wa Docker katika /etc/apt/keyrings na uutaje kwa neno signed-by ndani ya faili lile la Docker, ili uthibitishe vifurushi vya hazina hiyo tu.

Na kama huna haja ya toleo jipya kabisa, hazina za Ubuntu ambazo Mint yako tayari inazisoma zina kifurushi kiitwacho docker.io, ambacho huwekwa bila kuongeza hazina yoyote ya nje.